Ndizi Thelathini za Kwenda Leipzig

Binti yetu alipopiga simu kutoka Ujerumani kusema ni mjamzito, Mwalimu, mume wangu, alisema "Mungu mkubwa" kisha akatoka kwenda kumkatia ng'ombe majani. Mimi nilibaki jikoni na simu mkononi, nikiwaza jambo moja tu: mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Kwetu Old Moshi mzazi hapewi chai na mkate akaambiwa apone. Anakaa ndani, anapewa mtori asubuhi na jioni mpaka mashavu yarudi. Huko Leipzig nani atampikia? Mkwe wetu ni kijana mzuri, ila mtori anaujua kwa kuula tu.

Tulikuwa na miezi sita ya kujiandaa kumfuata. Nilidhani ni mingi.

Pasipoti hatukuwa nazo. Moja ni shilingi 150,000, na kabla hujafika huko unatakiwa kuwa na kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa na picha. Hapo ndipo tulipogundua kwamba mume wangu ni watu wawili. Jina la ukoo kwenye cheti cha ndoa lina herufi i ambayo kwenye kitambulisho haipo. Miaka 41 tumelala chumba kimoja na hiyo i hatukuwahi kuiona. Wakili mmoja mjini akatuandalia hati ya kiapo, Mwalimu akaapa mbele yake kwamba yeye ndiye yeye. Jioni ile kila nikimwita chakula kipo mezani, ananijibu: "Unamtaka yupi?"

Mambo ya nyumbani hayakusimama kungoja karatasi. Ng'ombe alikuwa anakamuliwa, migomba inapunguzwa majani, na bahasha ya kaki yenye vyeti vyetu ikahamia mezani, jirani na dumu la maziwa. Mara mbili niliikuta imelowa maziwa, tukawa tunaihamishia juu ya kabati kila usiku kama mtoto anayelazwa. Mwalimu, ambaye kustaafu hakujamtoa chaki mfukoni, aliandika maneno ya Kijerumani kwenye mlango wa banda: Guten Tag, Danke, Wasser. Nikienda kukamua ananisimamisha, nasoma ndipo napita. Mtihani wa kwanza nilipata saba juu ya kumi. Yeye hakufanya, eti msahihishaji hafanyi mtihani.

Nguo za baridi tulizifuata Kiborloni. Mtu wa kwetu hawezi kusema hana pa kupata koti la baridi, maana mitumba ya Ulaya inamwagwa pale chini ya miguu yetu. Nilichagua koti zito la buluu, muuzaji akataka elfu ishirini na tano, tukaachana kwenye kumi na tano baada ya mimi kuondoka mara mbili. Nyumbani Mwalimu akalipekua mifukoni, akakuta risiti imekunjwa, imefifia, ya Kijerumani. Akaivalia miwani. "Mama, hili koti linarudi kwao," akasema. Usiku ule alilivaa kwa majaribio akakaa nalo karibu na jiko la kuni mpaka jasho likamtiririka, lakini hakukubali kulivua.

Viza ilitupeleka Dar. Ukisikia watu wanasema wamesafiri kwenda Ulaya, ujue safari ngumu ilikuwa ile ya kwanza, ya basi. Tuliondoka stendi ya Moshi alfajiri, Himo, Mwanga, milima ya Upare ikiwa mkono wa kushoto haiishi, Same, Hedaru, mashamba ya mkonge ya Korogwe, dakika kumi za kuchimba dawa, kisha Segera, Chalinze, na jioni tukashushwa Mbezi miguu imevimba.

Njia nzima Mwalimu alimfundisha kijana wa kiti cha jirani. Kwamba jina la Leipzig si geni kwetu, maana wamisionari wa huko walifika Uchagani mwaka 1893. Na kabla yao kulikuwa na Hans Meyer, mchapishaji vitabu wa mji huohuo, aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. "Akachukua jiwe kileleni, akampelekea Kaisari wake," Mwalimu akasema, "na hakuna aliyemwomba viza." Kijana alikuwa ameshalala tangu Mombo.

Karatasi zilikuwa nyingi lakini zote zilikuwa na maana yake: barua ya dhamana ambayo binti aliifuata kwenye ofisi ya wageni mjini kwake, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa ya benki, ada ya euro 90 kwa kila mmoja, ambayo hairudi hata ukinyimwa. Pale kwenye euro 90 nilifumba macho nikahesabu ni lita ngapi za maziwa. Tukawekewa vidole kwenye mashine. Kisha dada wa dirishani akauliza kwa upole, "Mzee, nini kitakurudisha nyumbani?" Mwalimu akafungua bahasha, akapita hati zote, akatoa picha aliyokuwa ameisafisha studio bila kuniambia. Ya ng'ombe. "Huyu," akasema, "ana mimba, atazaa Januari." Nilitamani sakafu inimeze. Dada akacheka, lakini naye akaipokea, akaiangalia, akamrudishia.

Siku ya kumi na tatu tukapigiwa simu kwamba pasipoti ziko tayari. Mjukuu naye hakutusubiri. Alizaliwa wiki moja kabla hatujaondoka.

Sasa mzigo. Mimi nilikuwa nimekwisha panga nyama ya kukausha, samli na maziwa ya mgando. Binti akatuma sauti: "Mama, nyama hapana. Maziwa hapana, hata samli. Na matunda mengi wanataka cheti cha afya ya mimea." Nikakaa kimya. Akaendelea: "Ila ndizi zinaruhusiwa. Ndizi, nanasi, nazi, tende na doriani." Niliirudia ile sauti mara tatu. Katika matunda yote ya dunia wakubwa wa Ulaya wameachia matano, na letu limo! Mwalimu anasema ni sheria tu, wala haimhusu Mchaga. Mimi na yeye hatujakubaliana mpaka leo.

Asubuhi ya safari nilikata mshare, ndizi za kupika, kabla jua halijatoka, mkungu uliokomaa lakini mbichi kabisa, nikahesabu thelathini zisizo na mkwaruzo, kila moja nikaifunga kwenye gazeti. Mabegi tuliyapima kwenye mizani ya duka la mahindi, mwisho kilo 23, langu likasoma 26. Vilitoka viatu vya Mwalimu na Biblia moja kati ya mbili. Ndizi hazikuguswa.

Shemeji alikabidhiwa ng'ombe, pamoja na maelekezo yaliyojaa kurasa nne. Ndugu wakaomba uani, tukajazana kwenye Noah. Njia panda ya KIA, uwanja wetu wa ndege, nimeipita maisha yangu yote nikienda Arusha, ila siku hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza gari kukata kona.

Addis Ababa tulilala kwenye viti. Frankfurt kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na koti la Kiborloni likafanya kazi yake. Hakuna aliyetuuliza kuhusu ndizi, na Mwalimu, aliyekuwa ameandaa sentensi nzima ya Kijerumani, alinuna mpaka tulipopanda treni.

Kwa binti nilinawa mikono, nikambeba mjukuu kidogo, nikamrudisha kwa mama yake. Kisha nikafungua begi pale pale sakafuni. Kumi na moja zilikuwa zimeanza kuwa njano. Kumi na tisa zilikuwa bado mbichi, ngumu kama zilivyotoka mgombani. Nikaomba kisu na sufuria kubwa.