Lile sio goti la mbuni jamani

Kila nikisikia mtu anasema mbuni ana magoti yanayokunjika kinyumenyume naumia roho kwa kweli, maana lile sio goti, ni kifundo cha mguu. Mi mwenyewe niliamini hivyohivyo miaka mingi mpaka siku nilipoona picha ya skeletoni yake, nikakaa nahesabu mifupa kuanzia nyonga kushuka chini, ndo nikaelewa.

Goti lenyewe liko juu huko, limefichwa na manyoya karibu na tumbo, na linakunjika kama letu tu. Mfupa wa paja ni mfupi, mnene, halafu umelala karibu usawa badala ya kusimama wima, kwa hiyo kwa nje huuoni. Ule unaodhani ni paja ni muundi, na ule mguu mwembamba mrefu wa chini ni wayo, mifupa kadhaa imeungana ikawa mmoja. Yaani mbuni anatembea kwa vidole maisha yake yote, na vidole vyenyewe viwili tu kila mguu, wakati emu na kasowari, ndege wakubwa wenzake wasioruka, wanavyo vitatu. Jaribu kusimama kwa ncha za vidole, kunja magoti, alafu angalia kisigino chako kiko wapi, hapohapo ndo "goti" la mbuni.

Na hicho kifundo ndo kinanimaliza kabisa. Mguu ukinyooka, ligamenti zake, zile nyuzi ngumu zinazounganisha mifupa, zinakishikilia kibaki vile, ukikikunja kidogo kinarudi chenyewe mpaka usukume kwa nguvu kupita sehemu fulani ndo kinaachia, kwa hiyo ndege wa zaidi ya kilo 100 anasimama bila misuli kuhangaika sana. Misuli mikubwa imejazana juu karibu na nyonga, huko chini ni kano ndefu tu zinazovutika na kurudi kama springi, mguu unakuwa mwepesi wa kurusha, ndo maana anafika kilomita 70 kwa saa.

Sasa rudi kwenye goti la kweli, lile lililofichwa. Sisi kila goti lina pia moja, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, mbuni anazo mbili kila mguu, moja juu ya nyingine! Emu, ndege wa jamii ileile ya wasioruka, hana hata moja ya mfupa, na bado anakimbia vizuri tu.