Siku tano za kujiandaa kukalimani mada ya Brexit, na yale maneno mawili, ulinzi na usalama

Mimi ni mkalimani, Kiingereza kwenda Kiswahili na kurudi, na kuna wakati nilipewa mkutano wa siku moja ambao mada yake ilikuwa nchi ikijitoa kwenye umoja wa kikanda, ushirikiano wa ulinzi na usalama unakuaje, na mfano mkubwa ulikuwa Brexit, yaani Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya. Siku za kujiandaa zilikuwa tano. Naandika nilivyofanya kwa sababu mada hii itazidi kuja, Mali, Burkina Faso na Niger nazo zimeshatoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, tangu tarehe 29 Januari 2025, kwa hiyo mwenzangu yeyote anaweza kuitwa.

Siku ya kwanza niliipoteza. Nilikaa natengeneza orodha ya istilahi kama kawaida na kila nilipokuta yale maneno mawili naandika ulinzi na usalama, naenda mbele, maana kwa Kiswahili tumeshayazoea pamoja, vyombo vya ulinzi na usalama, yanatoka mdomoni kama neno moja. Jioni nikampigia mama mmoja aliyenifundisha hii kazi, ameshastaafu, nikamwamkia halafu nikamsomea orodha yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Mwanangu, Uingereza ilipotoka, aliyepoteza kitu ni mwanajeshi au polisi?" Sikuwa na jibu kabisa. Akasema basi hujaanza kazi.

Kesho yake nikaiacha orodha nikashika mkataba wenyewe, ule wa biashara na ushirikiano ambao Uingereza na Umoja walikubaliana tarehe 24 Desemba 2020, wiki moja tu kabla kipindi cha mpito hakijaisha, yaani ile miezi baada ya kutoka ambayo sheria za Umoja ziliendelea kutumika Uingereza. Ni mrefu mno lakini sikuusoma wote, nilikuwa natafuta swali la mwalimu. Na nikaliona: sehemu yake ya tatu nzima ni mambo ya polisi na mahakama, ila ukitafuta sura ya jeshi na sera za nje haipo. Azimio la kisiasa la 2019, walilokubaliana pande zote mbili kuhusu uhusiano wao wa baadaye, lilikuwa limeizungumzia, halafu serikali ya Uingereza ikaamua haitaki kuijadili.

Kwa nini waliweza kuiacha? Kwa sababu ulinzi wa Uingereza haukuwahi kukaa ndani ya Umoja. Uingereza ilianzisha NATO, ule muungano wa kijeshi, na wenzake mwaka 1949, ikaingia Jumuiya ya Ulaya, iliyokuja kuwa Umoja, mwaka 1973, yaani miaka 24 baadaye, na ilipotoka tarehe 31 Januari 2020 kiti chake NATO hakikuguswa. Tena Uingereza na Ufaransa walikuwa na mikataba yao ya ulinzi ya wawili tu tangu 2010, nayo ikaendelea. Jeshi lilipoguswa ilikuwa kwenye operesheni za Umoja wenyewe, na mfano uliokuja kunisaidia sana ni Atalanta, zile manowari za kuzuia maharamia pwani ya Somalia: tangu 2008 ilikuwa inaongozwa kutoka Northwood, Uingereza, na Machi 2019 makao yakahamishiwa Rota, Hispania, kwa sababu nchi inayotoka haiwezi kuendelea kuwa makao ya operesheni ya Umoja.

Polisi ndo walioumia. Hapa nilikaa siku mbili nzima na sijutii. Kulikuwa na kanzidata moja ya Umoja ya watu wanaotafutwa, waliopotea, magari ya wizi, na polisi wa Uingereza waliiulizia mara milioni 603 kwa mwaka 2019 peke yake, na usiku wa tarehe 31 Desemba 2020 ikakatwa. Wakabaki kutegemea Interpol, shirika la polisi la kimataifa, ambako taarifa lazima nchi husika iamue kuziweka huko pia, haziji zenyewe. Kule Europol, shirika la polisi la Umoja, Waingereza wakapoteza kiti na nafasi ya kuingia moja kwa moja kwenye taarifa, wakaruhusiwa kuweka maafisa wao tu pale makao yake Hague. Ile hati ya kukamata ya Ulaya ikaisha ikaja taratibu nyingine ya kukabidhiana watuhumiwa, na hata kabla ya hapo, kipindi cha mpito, Ujerumani, Austria na Slovenia zilishasema raia wetu hatuwatoi. Vilivyookolewa ni kulinganisha vinasaba, alama za vidole, na orodha za abiria wa ndege.

Nilipofika hapo orodha ikajiandika yenyewe. Nikaamua ulinzi utakuwa wa jeshi tu, usalama ukija peke yake nisikilize mzungumzaji anaelekea wapi, na akiongelea polisi niseme polisi waziwazi. Extradisheni sikuigusa, nikasema kumrejesha mtuhumiwa, na ule utaratibu mpya kumkabidhi, kwa sababu kisheria ni vitu viwili na mwanasheria aliye ukumbini angenikamata.

Siku yenyewe mzungumzaji wa pili alikwenda mbio balaa, akarukia ule ubia wa usalama na ulinzi uliosainiwa London tarehe 19 Mei 2025, akasisitiza kwamba ni makubaliano ya kisiasa na hauwabani kisheria kama mkataba, nami nilikuwa nimejiandaa kusema ubia na sio mkataba, nikapita salama. Halafu mtu mmoja ukumbini akauliza kwa Kiswahili, polisi wa Uingereza leo akisimamisha gari, kwenye kompyuta yake anaona nini ambacho zamani alikuwa anakiona na sasa hakioni? Nikalipeleka swali kwa Kiingereza bila kutafuta neno hata moja, na jibu lilipoanza kuja nilishajua linaelekea wapi. Mwenzangu wa kibanda alikuwa ameshashika maikrofoni anipokee, nikamwashiria asubiri nimalize hilo.