Simama Katikati

Somo: Marko 3:1-5

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Tukisoma habari za yule mtu mwenye mkono uliopooza, huwa tunakimbilia maneno "Nyosha mkono wako." Lakini Bwana alianza na neno jingine: "Simama katikati." Alimtoa kwanza pembeni, akamweka mbele ya watu wote, ndipo akauponya mkono. Neno hilo limenishika wiki hii nilipokuwa nikisoma maisha ya Dkt. Paul Brand, daktari bingwa wa mifupa, na naamini yeye alilielewa kuliko wengi wetu.

Brand alizaliwa mwaka 1914 kusini mwa India, kwa wazazi wamishonari kutoka Uingereza, akakulia katika milima ya Kolli. Ujanani alisomea ujenzi, akajifunza uashi na useremala. Udaktari ulikuja baadaye, London, na mwaka 1946 akarudi India kufundisha upasuaji katika chuo cha tiba cha Kikristo cha Vellore.

Siku moja Dkt. Robert Cochrane, bingwa wa ukoma, alimwonyesha wagonjwa ambao vidole vyao vilikuwa vimekunjamana na kukakamaa. Brand akauliza, madaktari wa mifupa wanafanya nini kuhusu mikono hii? Hakuna aliyekuwa akiishughulikia. Wengi waliamini kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma inaoza yenyewe, na kidonda chake hakiponi.

Brand na wenzake walichunguza, wakakuta sivyo. Ukoma huharibu mishipa ya fahamu, mkono au mguu ukafa ganzi. Mtu anashika chombo cha moto, anakanyaga mwiba na kuendelea kutembea, na hasikii kitu. Ni majeraha hayo yasiyosikika, yanayorudiwa kila siku, yanayomaliza vidole. Tena aligundua kwamba misuli mingi ya kigasha, yaani kati ya kiwiko na kiganja, inabaki na nguvu zake. Basi alichukua kano, ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, ya msuli usiopooza, akaihamisha na kuiunganisha na vidole vilivyopooza. Kisha mgonjwa akafanya mazoezi kwa majuma mengi hadi vidole vikajifunza upya kufunguka na kushika.

Angeweza kuishia hapo. Lakini mgonjwa mmoja alimlalamikia kwamba mikono hiyo mizuri haimfai tena kuombaomba, na kazi hakuna anayempa. Mkono umepona, mwenye mkono bado yuko pembeni! Ndipo kikajengwa kijiji kidogo kwenye eneo la chuo, kikaitwa Maisha Mapya, na waliopasuliwa wakafundishwa useremala. Ule ufundi wa ujana wa Brand, ambao ungeonekana miaka iliyopotea, ukapata kazi. Na kwa kuwa aliwaona watu hao wakifanya kazi na wakilala, alijua mengi ambayo chumba cha upasuaji kisingemwonyesha: mpini wa nyundo unavyochubua kiganja, na panya wanavyotafuna usiku vidole visivyosikia. Wagonjwa wakapewa paka.

Naandika haya kwa uchungu kidogo. Sisi tunapenda sana siku ya maombezi. Tunaweka mikono, tunashangilia, tunatoa ushuhuda. Jumatatu mtu yuleyule hana wa kuketi naye wala wa kumpa kibarua, nasi hatujui. Mtume Paulo anasema, "Kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia nacho." Kama ndugu yetu anaumia nasi hatusikii, basi ganzi iko kwetu.

Mwaka 1966 Brand alihamia Marekani, kwenye hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana. Huko aliona kwamba wenye kisukari nao hupoteza hisia miguuni na kupata vidonda vya namna ileile. Akawafundisha kukagua nyayo zao kila siku na kuvaa viatu visivyokandamiza, na kidonda cha wayo akakitibu kwa kuufunga mguu plasta ngumu ili uzito wa mwili usilalie mahali pamoja. Alifariki mwaka 2003. Wengi wenye kisukari wanaotembea leo kwa miguu yao miwili wamenufaika na yale waliyoyafundisha wagonjwa wa ukoma, watu ambao hakuna aliyetaka kuwagusa.

Tuombe: Bwana, tuonyeshe aliye pembeni katika ushirika wetu wiki hii, utupe na nafasi ya kumketisha karibu nasi. Amina.