Jinsi Nilivyousikia Mluzi wa Radi

Kwa majuma sita sikusikia chochote kwenye hedfoni isipokuwa mvumo wa umeme wa majumbani. Nilikuwa nikisoma Uskoti, na kipokezi cha kunasa mawimbi ya redio yanayotolewa na radi nilikiunda mwenyewe kwa fimbo ya shaba ya mita 1.5, kikuza sauti cha betri na chuma kilichochomekwa ardhini. Mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana huanzia kilohezi 3 hadi 30, na kwa kuwa mengi yamo katika masafa ambayo sikio huyasikia, kazi ni kuyakuza na kuyapeleka kwenye hedfoni. Lakini umeme wa hezi 50, pamoja na masafa yanayozaliwa nao, hufunika kila kitu.

Nilihangaika na vichujio, kumbe dawa ilikuwa kutembea. Usiku mmoja nilikwenda kilomita 3 kutoka waya wa mwisho wa umeme, nikaketi kwenye majani yenye umande, na mvumo ukafifia kabisa. Nilisikia radi za mbali zikipasukapasuka kama bisi chunguni. Saa kumi alfajiri ukaja mluzi, ukianzia juu na kushuka taratibu kwa muda wa sekunde moja hivi, mwembamba na safi mno hata nikashika pumzi.

Radi hutoa masafa mengi kwa mpigo mmoja. Sehemu ya mawimbi hayo hupenya hadi kwenye magnetosfia, yaani eneo linalotawaliwa na ugasumaku wa dunia, ikafuata mstari wa ugasumaku kwa maelfu ya kilomita na kutua upande wa pili wa ikweta. Njiani elektroni huyachelewesha zaidi masafa ya chini, ndiyo maana sauti hushuka. Mjerumani Heinrich Barkhausen aliandika kuhusu miluzi hii mwaka 1919, lakini ni Owen Storey wa Cambridge aliyeonyesha, mwaka 1953, kwamba ili ichelewe kiasi hicho lazima kuwe na elektroni nyingi mbali sana juu ya dunia, mahali ambapo hapakutarajiwa. Kwangu huo ndio uzuri wake: chombo chochote cha angani kilikuwa hakijafika huko.

Hadi kunapambazuka nilikuwa nimerekodi miluzi 11. Likizo iliyofuata nilikwenda na kipokezi kile nyumbani Tanga. Mluzi sikuupata, kwa kuwa karibu na ikweta ya sumaku mistari ya ugasumaku haipandi juu sana na miluzi husikika kwa nadra. Ila radi zilipasuka usiku kucha, nyingi kuliko nilizowahi kuzisikia Uskoti.