Duara la Karafuu

Mabishano yalianzia kwenye amalgamu, ile ya rangi ya fedha ya kuzibia meno. Daktari wa meno wa kliniki niliyokuwa nikifanya mazoezi, pale Malindi, alikuwa mama wa Kibajuni, mwepesi wa kucheka lakini mgumu wa kukubali neno asilolishuhudia. Mkataba wa Minamata, wa kupunguza matumizi ya zebaki, ulishapitishwa 2013, na karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, kwa hiyo yeye alitaka kuachana nayo. Tabibu mzee aliyekuwa akisaidiana naye hakutaka hata kusikia. Amalgamu ndiyo aliyozibia meno tangu ujanani. "Hizi nyeupe zenu zapendeza tu," alisema. "Vijidudu vyakaa chini yake vikistarehe."

"Basi tupime," akasema Daktari, akanigeukia mimi wa maabara.

Kazi yangu pale ilikuwa malaria, choo na mkojo. Vijidudu vya kinywa tulivipata kwa mtoto mmoja wa Barani aliyeletwa na bibi yake, ulimi mwekundu kwa rangi ya mabuyu, gego limetoboka. Nilimwamkia bibi, nikamweleza kwamba tungependa kuchukua uozo kidogo wa jino la mjukuu tukauoteshe.

"Chukueni wote, mwanangu," alijibu. "Msituachie."

Mtuhumiwa mkuu tulimjua: Streptococcus mutans, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza na Clarke, Mwingereza, mwaka 1924. Hula sukari akatoa asidi, na sukari hiyohiyo huigeuza gundi ya kujibandikia kwenye jino. Kumwotesha peke yake kwataka agari, yaani jeli ya kuoteshea vijidudu, yenye sukari nyingi na basitrasini, dawa ya kuzuia vijidudu vingine, nasi hatukuwa nayo. Tulikuwa na agari ya damu. Nikapaka juu yake mchanganyiko wote kama ulivyotoka kinywani, nikatoboa vishimo, na Daktari akavijaza kimoja kimoja: amalgamu, rezini, ndiyo ile nyeupe, iliyogandishwa kwa taa ya buluu, saruji ya glasi ayonoma, na ile ya zinki oksaidi iliyokandwa kwa mafuta ya karafuu. Maabara nzima ikanuka pilau.

Vijidudu hivi hupenda hewa yenye kaboni dioksaidi zaidi. Chombo cha kisasa cha kazi hiyo hatukuwa nacho, tukatumia chupa kubwa ya achari iliyooshwa ikatakata: unawasha mshumaa ndani, unafunika, mshumaa unazimika wenyewe. Kisha yote ndani ya kitamizi, nyuzijoto 37.

Kesho yake sahani zilikuwa zimeota vizuri, damu imegeuka ukijani pembeni mwa vijidudu. Kuzunguka karafuu palikuwa na duara pana, safi, hapana kitu. Glasi ayonoma ilikuwa na duara la wastani, amalgamu uzi mwembamba tu. Kwenye rezini vimeota hadi ukingoni.

Tabibu alifurahi hadi nikamwonea haya Daktari. Bibi naye, aliyerudi kwa ajili ya mjukuu, akaonyeshwa sahani akapiga kofi: "Si ndiyo karafuu tunayotia sisi siku zote!"

Daktari hakubisha. Alichotueleza ndicho kilichonifanya niipende kazi hii. Duara, alisema, hupima kinachovuja. Mafuta ya karafuu yanavuja kwenye agari, na kinywani yatavuja hivyohivyo katika mate, saruji ilegee. Ndiyo maana huwekwa kwa muda tu. Isitoshe, palipopita yujenoli, kiini cha mafuta hayo ya karafuu, rezini haigandi sawasawa. Rezini yenyewe ikishaganda haitoi kitu cha kuua. Kazi yake ni kuziba. Ila hunywea inapoganda, na mwanya ukibaki, hapo maneno ya tabibu ni kweli.

Nilirudia jaribio kwa vipande vilivyokaa vikakauka kabisa. Duara la glasi ayonoma lilipungua sana, kwani ukali wake wa mwanzo ni wa asidi ya saruji mbichi. Kwa maoni yangu hilo halikuipunguzia kitu. Saruji hiyo, ambayo Wilson na Kent waliitangaza Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, hushikana na jino lenyewe, hutoa floridi polepole, na hujazwa tena floridi na dawa ya meno. Tena jirani zetu Tanzania, tangu katikati ya miaka ya 1980, watu walikuwa wakikwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba kwa saruji, baadaye kwa hii yenyewe, bila mashine ya kutoboa. Mtoto anayelia kabla hajaguswa atataka nini zaidi?

Ndivyo gego la yule mtoto lilivyozibwa. Bibi akauliza habari ya mabuyu, akaambiwa yaliwe mara moja baada ya chakula, si kumung'unya kutwa. Mtoto akataka kujua kama mara moja ni mfuko mzima. Na tabibu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti muda wote, akauliza kijiko kimoja cha poda ya saruji ile huchanganywa na matone mangapi.