Pikipiki ya Virago ya Zamani Yavuliwa Madoido Mikindani

Pikipiki niliyoinunua ili niibadilishe ni Yamaha Virago XV750, ambayo injini yake ya silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, zikiachana kwa nyuzi 75, ni sehemu ya mhimili wa fremu, kwa hiyo haishushwi ovyo kama ya bodaboda. Nimekata fremu kwa nyuma, na fundi wa kuchomelea ameunga bomba lililopindwa ili kiti kifupi chenye nundu, mfano wa vile vya vijana wa London waliokimbiza pikipiki miaka ya 1960, kilingane na tangi.

Nilichokidharau ni kutu. Chumvi ya bahari ilikuwa imeshika boliti moja ya ekzosi hata ikakatikia ndani, nasi tukaihangaikia siku mbili kwa moto na mafuta. Rangi itasubiri malipo ya korosho.