Kumbukumbu za masika: vipepeo wawili wa rangi moja

Jumamosi ya pili ya Aprili. Mvua ilinyesha usiku kucha na kukatika karibu na adhana ya alfajiri, na nilipofika kiwanjani saa moja kasorobo nyasi zilikuwa bado zimeinama kwa uzito wa maji. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mabua makavu ya mwaka jana yaliyo kando ya mfereji, kwa sababu hapo ndipo wanapolala nyuki wa jamii ya Amegilla, wale wanene wenye manyoya kifuani na mistari ya rangi ya buluu na kijivu tumboni. Madume yao hawana mzinga wala kiota cha kurudia. Giza likiingia, kila mmoja huling'ata bua kwa taya zake, huikunja miguu na kubaki amening'inia hivyo hadi asubuhi. Leo nimehesabu 11 kwenye mabua manne.

Mmoja wao alikuwa na tone la maji mgongoni, tone kubwa kuliko kichwa chake. Nilichuchumaa mbele yake kwa muda mrefu. Kwanza vipapasio vilisogea, kimoja kisha cha pili, halafu tumbo likaanza kupwita harakaharaka, kwani nyuki huzipasha joto nyama za mabawa yake kwa kuzitetemesha kabla ya kuruka. Tone lilidondoka. Taya ziliachia bua saa moja na dakika 20, naye akaenda zake upande wa minyaa. Nimeiandika dakika hiyo, kwa kuwa Jumamosi iliyopita, asubuhi isiyokuwa na mvua wala mawingu, wa kwanza aliondoka robo saa mapema zaidi.

Kiwanja chenyewe kiko Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam, na ukubwa wake haufiki ekari moja. Mwenyewe haishi hapa na ameniruhusu kuingia. Ardhi ni ya kichanga, upande mmoja umezungushiwa ua wa minyaa na upande wa pili kuna mfereji wa maji ya mvua. Mwezi wa Februari hakuna cha kutazama isipokuwa vumbi na miba. Zikishanyesha mvua mbili tatu za Machi, mtikini hutambaa kila mahali na kutoa maua yake meupe yenye doa la zambarau kwenye koo, kishona nguo hurefuka, kifauongo hufungua vishada vyake vya waridi, na kongwa huchanua maua ya buluu ambayo mtu akichelewa kuamka hatayaona, maana ikifika adhuhuri yameshanyauka. Kwa sababu ya kongwa peke yake nimejifunza kuandika saa pamoja na tarehe.

Utaratibu wangu nimeuazima. Uingereza wana mpango wa kuhesabu vipepeo ulioanza mwaka 1976, ambapo mtu huchagua njia yake na kuipita kila wiki kwa mwendo uleule, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba, akihesabu tu vipepeo walio ndani ya mita mbili na nusu kila upande na mita tano mbele yake. Wao husubiri baridi iishe na jua lipate nguvu, nami nasubiri mvua. Kwa hiyo hesabu yangu huanza wiki ya kwanza ya Machi, hata kama mvua zimechelewa, ili kuchelewa kwenyewe nako kuonekane daftarini. Njia yangu ina hatua 300. Wiki ambayo sikuona aina fulani naiandika sifuri, wala siachi nafasi tupu, kwa sababu atakayesoma baadaye hatajua kama nafasi tupu maana yake ni kwamba kipepeo hakuwapo au kwamba mimi sikwenda.

Saa mbili na nusu jua lilipasha vizuri, na mitunguja ikaanza kupata wageni. Ua la mtunguja ni la zambarau, na katikati yake zimesimama stameni tano za manjano zilizobanana, yaani viungo vya ua vinavyobeba chavua. Chavua imefungiwa ndani yake na hutoka kwa kitundu kidogo kilicho kwenye ncha, mfano wa kichupa cha chumvi cha mezani. Nyuki wa asali hana namna ya kuitoa kwa wingi. Nyuki-seremala, yule mweusi mkubwa anayetoboa mapaa yetu, hulikumbatia ua zima, huyatuliza mabawa na kuzitetemesha nyama za kifua, na hapo mlio wake hubadilika ghafla kutoka mvumo mzito wa kuruka na kuwa mlio mwembamba, mkali, wa vipindi vifupi. Ukiwa karibu unaiona chavua ikimwagika kama unga juu ya tumbo lake. Nilisikia mlio huo mara tisa leo kabla ya saa tatu. Siku hizi husimama nimefumba macho kwanza, nikahesabu kwa masikio, ndipo nikatazama.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike leo, ambalo ni kosa langu mwenyewe, na ambalo nimetumia jioni tatu za wiki hii kulirekebisha.

Kwa misimu miwili mfululizo nimekuwa nikiandika kipepeo wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi zilizo na madoa meupe, kwa jina moja tu la Danaus chrysippus. Ndiye kipepeo anayejulikana zaidi hapa. Huruka polepole na chini, bila wasiwasi, kwa kuwa anapokuwa kiwavi hula mimea yenye utomvu mweupe na kujikusanyia sumu inayodhuru moyo wa ndege atakayemla. Kiwavi wake nimemfuga nyumbani: ana mistari myeusi, myeupe na ya manjano, na jozi tatu za pembe laini nyeusi mgongoni. Hapa kiwanjani hula mtambaazi wa majani ya umbo la moyo uliopanda kwenye minyaa. Nilijiona ninamjua. Kila kipepeo wa chungwa aliyepita ndani ya mita zangu niliandika jina lake bila kumtazama mara ya pili.

Mwezi uliopita nilipakia picha zangu za zamani kwenye iNaturalist, programu ambamo watu huweka picha za viumbe na wengine husaidia kuwatambua, na mtu aliyezipitia akabadilisha jina la picha tano. Hao hawakuwa Danaus. Walikuwa majike ya Hypolimnas misippus, kipepeo wa jamii tofauti kabisa, asiye na sumu hiyo, ambaye jike lake limeiga rangi ya mwenye sumu mpaka ndege humwacha apite. Alama ya kuwatofautisha ni ndogo lakini haidanganyi: bawa la nyuma la Danaus lina madoa meusi matatu au manne yaliyosogea katikati, na la Hypolimnas jike lina doa moja tu, kwenye ukingo wa juu. Uigaji huu umechunguzwa kwa makini Dar es Salaam hiihii tangu miaka ya 1970.

Kilichonigusa zaidi ya kosa lenyewe ni kwamba daftari langu lilikuwa likinieleza muda wote huo. Dume la Hypolimnas halifanani na jike hata kidogo. Ni jeusi la mahameli, lina mawaa makubwa meupe, mawili kwenye bawa la mbele na moja kwenye la nyuma, kila moja limezungukwa na mng'ao wa zambarau unaoonekana tu likigeuka juani. Madume hao hukaa kwenye ardhi tupu karibu na lango na kumfukuza kila anayepita. Nilikuwa nimewaandika mara 31 katika misimu miwili, kwa furaha kila mara, na sikuwahi kujiuliza hata siku moja majike yao wako wapi.

Nilikuwa na kumbukumbu 64 za kipepeo wa chungwa. Zenye picha ya kutosha kuhesabu madoa ni 22, na katika hizo 17 ni Danaus na tano ni Hypolimnas. Zilizobaki 42 siwezi kuzithibitisha tena. Sikuzifuta, kwa kuwa kipepeo alikuwapo kweli, siku hiyo, saa hiyo, kwenye ua hilo. Nimepiga mstari mmoja juu ya jina la zamani ili liendelee kusomeka, na pembeni nimeandika kwa wino mwekundu: mmojawapo wa wawili. Kazi hiyo ilinichosha kuliko kutembea. Kila mstari nilioupiga niliikumbuka asubuhi yake, na nikajua kwamba kipepeo yule alinipa nafasi ya kumtazama, nami sikumtazama.

Nilipokuwa nimeinama langoni, bibi jirani alipita na ndoo yake. Yeye hukusanya mtikini kwa ajili ya mboga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo unatafuta nini chini hapo?"

Nikamwonyesha mmea mnene uliotandaa mchangani, wenye majani ya mviringo na vijiua vya manjano, ambao daftarini nilikuwa nimeuandika kwa jina la kitaalamu tu, Portulaca oleracea.

"Hilo ni tako la hasani," akasema. "Nalo linaliwa. Andika."

Nikaandika. Tangu msimu uliopita daftari lina safu ya pili kwa ajili ya majina anayonipa yeye, na safu hiyo imejaa upande wa mimea: mtikini, mtunguja, kifauongo, mwingajini ambao vipepeo wa manjano iliyopauka hutaga juu yake. Kila mmea unaoliwa, unaotibu au unaochoma una jina. Upande wa wadudu safu ni tupu kwa sehemu kubwa, kwa sababu kwake na kwangu pia wote walikuwa vipepeo tu, na nadhani hilo nalo lilichangia kosa langu: nilikosa maneno mawili, nikaridhika na kipepeo mmoja.

Mdudu mwenye jina na heshima yake ni kereng'ende. Wale wa rangi ya dhahabu, Pantala flavescens, walikuwa wengi juu ya mfereji asubuhi ya leo, bila kutua. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alichapisha hoja kwamba hao huvuka Bahari ya Hindi kutoka India kupitia visiwa hivyo hadi Afrika Mashariki, wakibebwa na upepo na kufuata mvua, na kwamba vizazi vinavyozaliwa huku hurudi kwa upepo wa kusi. Hutaga kwenye madimbwi ya muda, kama haya ya mferejini kwetu, na watoto wao hukua upesi kabla maji hayajakauka. Kila mwezi wa Aprili ninapowahesabu hutazama miti upepo unakovumia. Leo kusi ilikuwa bado haijashika.

Nilikuwa tayari nimefunga begi, saa nne kasoro dakika chache, alipopita wa chungwa. Ningeweza kumwandika kwa mkono uliozoea. Nikasimama. Aliupita mtambaazi wa utomvu mweupe kwenye minyaa bila hata kupunguza mwendo, akashuka chini kabisa, karibu na mahali bibi alipokuwa amesimama, akaanza kutembea mchangani kwa miguu katikati ya majani, akigusa hili na kuliacha, akigusa lile. Kwenye jani moja la tako la hasani alikunja ncha ya tumbo chini yake, akatulia kwa muda wa pumzi moja, kisha akaruka kuelekea kwenye mtikini. Alipofungua mabawa nilihesabu: doa moja, ukingoni.

Nilipiga magoti na kuligeuza jani kwa ncha ya kalamu. Yai lilikuwapo, la rangi iliyopauka, dogo kuliko punje ya ulezi, lenye mifuo membamba iliyosimama kutoka kileleni hadi chini. Nikaandika: saa 3:52, Hypolimnas misippus, jike, 1, ametaga. Na katika safu ya pili, pembeni mwake: tako la hasani.